Asiwe Wangu

Machi 3
Mvua zimeanza. Paa la kidato cha pili linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza ya mwalimu. Nimefundisha nikiwa nimesimama mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa.

Kitinda, mwanetu wa mwisho, amepata kazi ya upakiaji kwenye kiwanda cha magodoro. Amerudi ananuka gundi mpaka nyweleni, anacheka peke yake. Baba yake alishukuru kwa sala ndefu, na humo humo akachomeka ombi la msumeno wake wa umeme, uliogoma kuwaka tangu wiki jana. Nikamwambia fundi umeme yuko mtaa wa pili. Akasema, "Na fundi mwaminifu yuko mtaa gani? Hilo ndilo ninalomwuliza Mungu."

Mimi sina ugomvi na Mungu. Naenda ibadani, naimba, nashukuru. Ila kuomba kitu, hapana. Anayejua yote hahitaji kukumbushwa, na aliye mwema hahitaji kubembelezwa. Mume wangu husema nimeingiza hesabu hadi mahali pasipo na ubao.

Machi 6
Mvua. Nimesahihisha mazoezi.

Machi 11
Mto umepanda. Kitinda anasema ukifungua mlango wa nyuma wa kiwanda, ule wa kushushia mizigo, unaona maji yanapita kwa kasi hatua chache kutoka kizingitini, yamebeba matawi na mizoga ya mbuzi. Nikamwuliza atajifunza lini kuogelea. Akasema mto ukishuka. "Na usiposhuka?" "Basi nitajifunza kupaa, mama."

Machi 18
Naandika ya jana. Jana sikufungua daftari.

Ilikuwa kipindi cha mwisho. Mwanafunzi wa dirishani akasema, "Mwalimu, moshi." Mvua ilikuwa inanyesha na moshi haukupanda, ulitambaa juu ya mapaa ya upande wa mtoni, mweusi, mzito. Nilitoka darasani bila kusema neno. Nikiwa njiani, nakimbia na viatu vimejaa maji, nikasikia mtu anasema, "Isiwe kiwandani. Isiwe kiwandani." Ilikuwa sauti yangu.

Hata nikikimbia kichwa changu kilikuwa kinanijibu. Moto uko pale ulipo. Ukiwa kiwandani, uko kiwandani, na maneno yako hayawezi kuuhamisha uende kuunguza kwa mwingine. Niliendelea kusema hivyo hivyo.

Ulikuwa kiwandani. Gundi na sponji vilishika kama petroli. Wafanyakazi walisimama barabarani wamelowa, wengine wameungua mikono, na msimamizi wao akiita majina kwa sauti iliyokuwa imekwisha. Kila aliyeitwa aliitika au aliitikiwa na mwenzake: yupo, kapelekwa hospitali, leo hakuja. Wawili hawakuitikiwa. Mmoja ni fundi wa mitambo. Mwingine ni Kitinda wangu.

Mpakiaji mmoja alisema aliwaona wote wawili wakikimbilia nyuma, kwenye mlango wa mtoni, kwa sababu mbele palikuwa pameshafungwa na moto.

Pembeni yangu alisimama mwanamke kijana, ana binti mdogo mgongoni. Alikuwa anasema kitu midomo ikicheza bila sauti. Nikajua ni mke wa fundi. Hatukusalimiana.

Machi 19
Wamepata mtu mmoja. Alikuwa kati ya stoo ya gundi na mlango wa nyuma. Mlango wenyewe ulikuwa wazi.

Mtu mmoja. Kwa hiyo mwingine alifika mlangoni akatoka, na nje ya mlango ule hakuna kitu ila mto.

Daktari wa polisi alitukalisha kwenye benchi, mimi na mume wangu upande huu, yule mwanamke na binti yake upande ule. Alisema kwa adabu kwamba hatatuonyesha, kwa sababu hakuna cha kutambua. Wote wawili walikuwa na kimo kile kile, walivaa ovaroli zile zile, hakuna aliyekuwa na pete. Watapima vinasaba kwenye maabara kuu, na maabara kuu ina foleni. Tusubiri.

Nikasuguliwa pamba ndani ya shavu. Kisha mtoto naye akasuguliwa. Alidhani ni mchezo, akafungua mdomo tena aongezewe.

Machi 20
Sikuenda kazini.

Machi 24
Nyumba imejaa watu wa ibadani. Viti vimeazimwa kwa majirani. Kila jioni wanaomba, na mume wangu ndiye anayeongoza, akishika kichwa kwa mikono miwili. Ombi ni moja: "Bwana, yule aliyelala pale asiwe mwanetu. Uwe umemtoa mwanetu akiwa hai."

Nilivumilia mpaka leo. Leo waliposema "asiwe mwanetu," wote pamoja, na wengine wakipiga magoti, niliona mdomo wa yule mtoto ukifunguka aongezewe pamba. Nikatoka kwenda jikoni. Wifi yangu akanifuata kwa kudhani nimezidiwa. Nikamwambia nimeacha maji jikoni. Hakukuwa na maji yoyote.

Walipoondoka nikamwambia mume wangu, "Asipokuwa mwanetu, ni baba wa yule mtoto. Unajua hilo?"

"Sijaomba hivyo."

"Watu walikuwa wawili na mwili ni mmoja. Huwezi kuomba nusu yake."

Akaanza kupanga viti vya majirani. Kisha akasema, "Mimi ni baba. Baba wa yule mtoto ana watu wake wa kumwombea."

"Na jambo lenyewe limekwisha, baba. Amelala pale tangu siku ile. Unamwomba Mungu afanye nini sasa? Aende jokofuni abadilishe?"

Nilidhani nimemnyamazisha. Lakini huyu mwanaume amekuwa akiomba tangu hajaota ndevu, na aliwahi kulifikiria hilo kabla yangu. Alisema taratibu, "Mungu hana jana wala kesho. Sala ninayosema leo aliisikia kabla kiberiti hakijawaka. Kama aliifanyia kazi, aliifanyia kazi siku ile ile. Kwa hiyo lazima niiseme, kwa sababu inaweza kuwa ndiyo iliyomtoa."

Nimelizungusha jibu hilo kichwani na halina ufa. Ubaya wake ni kwamba yule mwanamke naye anasema yake, na yake pia ilisikika kabla.

Machi 30
Mvua.

Aprili 2
Wapiga mbizi wamesimamisha kazi. Maji yana kasi mno na ndani yake hakuonekani kitu. Watarudi mto ukishuka.

Aprili 5
Uvumi. Mtu kaonekana kashikilia gogo chini ya daraja la reli. Mtu kalazwa hospitali ya mji wa mbali, hajui jina lake. Mume wangu amefunga safari kwenda kumwona.

Aprili 7
Amerudi. Aliyelazwa kule ni mzee wa miaka sabini.

Aprili 10
Yule mwanamke amekuja nyumbani. Anasuka nywele kwenye kibanda karibu na soko, watu wanamwita Msusi tu, hata mumewe alikuwa anamwita hivyo. Alisema amekuja kunijulia hali kwa kuwa sisi ndio wenye msiba mmoja. Mume wangu alimsalimu akaenda zake karakanani, hakuweza kumtazama.

Tulikaa kama watu wanaosubiri daktari wa meno. Mtoto alilala kwenye kochi. Mwishowe Msusi akasema, "Mwalimu, nywele zako zinatia huruma. Kaa chini." Nikakaa sakafuni kati ya magoti yake kama binti wa shule, akaanza kunisuka. Ilikuwa rahisi zaidi kuongea nikiwa simwoni uso.

"Wewe unaomba nini?" akaniuliza.

"Siombi."

"Kabisa?"

"Siku ya moto niliomba. Nilikuwa nakimbia."

Akavuta msuko mmoja mpaka macho yakanitoka machozi. "Mimi kila nikiinua mikono naomba asiwe wangu. Nikimaliza nakukumbuka wewe ulivyosimama pale barabarani, naona haya. Halafu sala inayofuata naomba vile vile." Akagawa nywele za msuko mwingine. "Ningekuwa Mungu ningekuwa nimetuchoka."

Nikamwambia kwetu wanaomba kundi zima, kwa zamu. Akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi. "Basi mmetuzidi. Kwetu niko mimi na huyu mtoto, na huyu anaombea pipi."

Sijapata kupendezwa hivi na mtu ambaye heri yake ni msiba wangu.

Aprili 13
Msusi amekuja tena. Tumepika pamoja. Hatukulizungumza.

Aprili 16
Mchungaji alikuja mchana, peke yake. Mume wangu alikuwa hayupo. Nilimwekea chai, kisha nikamwuliza yale niliyoyabeba. Tukimwomba Mungu, je, tunamweleza jambo asilolijua? Hapana, akasema. Je, tunamfanya awe na huruma zaidi ya aliyokuwa nayo? Hapana. Basi tunafanya nini?

Alikoroga chai muda mrefu. Akasema sala humbadilisha anayeomba.

"Kama ni hivyo tungeomba mbele ya ukuta. Tungebadilika vile vile."

Nilidhani atakasirika. Alionekana amechoka tu. "Mwalimu, nitakwambia kitu nisichokisema mimbarini. Nimeomba kwa wagonjwa wengi. Waliopona na waliokufa, sikuona tofauti katika maombi yangu. Lakini mtu akiniita kwenye nyumba yenye mgonjwa, siwezi kwenda nikakaa kama gunia. Kuna mahali mtu anafika, asipoomba anakuwa amemwacha mwenzake."

"Na anayeomba dhidi ya mwenzake?"

Hakujibu hilo. Alikunywa chai yake akaaga. Nilimheshimu kwa kutojibu.

Aprili 22
Nimerudi kazini wiki hii. Wanafunzi wananitazama kama yai.

Leo ilikuwa zamu ya mada ya uwezekano. Nilirusha sarafu nikaidaka na kuifunika kwa kiganja juu ya meza, nikauliza uwezekano wa picha kuwa juu. Darasa zima: nusu. Binti mmoja wa nyuma, asiyesemaga kitu, akanyoosha mkono. "Mwalimu, lakini imeshaanguka. Ni picha au ni namba, moja kati ya hizo. Hiyo nusu iko kwenye sarafu au iko kwetu?"

Nikasema iko kwetu. Akasema, "Kwa hiyo sarafu yenyewe haisubiri kitu."

Haisubiri kitu. Nilishindwa kuinua kiganja. Niliwapa zoezi ukurasa wowote uliokuja mdomoni, nikakaa pale na mkono juu ya meza mpaka kengele. Waliondoka kimya kimya. Nilipobaki peke yangu niliisukuma sarafu kwenye mkoba bila kuitazama.

Aprili 23
Mvua kubwa. Ukuta wa choo cha shule umeanguka.

Aprili 29
Kituo cha polisi: bado. Afisa wa zamu alisema tuwe na subira, maabara ina kesi za nchi nzima. Alikuwa anakula karanga.

Mei 3
Mume wangu amekonda mpaka suruali inashikwa na kamba. Msumeno wake umepona, lakini hafanyi kazi. Anakaa karakanani anaomba kati ya mbao. Nikimpelekea chakula nakikuta kimejaa vumbi. Ananiambia kwa upole, "Ungeniunga mkono ningepata nguvu. Sauti ya mama ina uzito." Anasema kana kwamba kuna mzani mahali, na kwamba unahitaji gramu zangu chache tu.

Mei 6
Sijui nianzie wapi.

Shati la Kitinda lilikuwa kwenye kamba tangu asubuhi ya moto. Niliwakataza watu kuligusa. Lilinyeshewa, likakauka, likanyeshewa. Leo mchana kulikuwa na jua kidogo nikaona limeota ukungu mabegani, na kola imeanza kuoza. Nililitoa, nikaweka maji kwenye karai, nikapiga magoti kulifua. Halikutakata. Kitambaa kilianza kuachia mikononi mwangu.

Pale pale, na magoti yangu kwenye maji ya sabuni, nikaomba. Mimi. Sikusema asiwe wangu. Nilisema, "Awe wangu."

Nataka kuandika kwa nini, na nataka kuwa mkweli. Kwanza nilifikiri ni kwa ajili ya Msusi: yeye bado ni kijana, ana mtoto anayeombea pipi, mimi nimeshalea. Ni sababu nzuri, ningependa iwe ndiyo. Lakini nilipoendelea kufua niliona chini yake kuna nyingine. Yule wa jokofuni amepatikana. Yule wa mtoni hajapatikana na huenda asipatikane kamwe. Nilitaka wangu awe yule anayeweza kuzikwa. Niligombania maiti. Nimemwombea mwanangu aungue ili nijue alipo.

Na mimi ndiye niliyesema kuomba jambo lililokwisha ni upuuzi. Kama ni upuuzi, kwa nini naogopa kwamba nitapewa?

Mei 7
Nilimwambia mume wangu. Sikupaswa, lakini tumeishi miaka mingi bila kufichana kitu kikubwa zaidi ya bei ya kitambaa.

Alikuwa anaranda mbao, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Alisimamisha randa.

"Rudia."

Nikarudia.

"Umesema hivyo? Kwa mdomo wako?"

"Nimesema."

"Umemuua mwanangu."

"Baba, aliyekufa amekufa tangu Machi. Neno la jana haliwezi..."

"Nilikwambia Mungu hana jana. Nilikwambia katika nyumba hii hii, na ulielewa, kwa sababu wewe ni mtu wa kuelewa. Mimi nimekesha nikimvuta kutoka ndani ya moto ule, na wewe umekuja nyuma yangu ukamsukuma."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alichukua godoro dogo akalibeba kwenda karakanani, na kuanzia leo anaishi huko.

Nimekaa na maneno yake mawazoni mchana kutwa. Kama sala haifanyi kitu, hasira yake ni ya bure na hatia yangu ni ya bure. Kama inafanya kitu, yuko sahihi kabisa. Nilipopiga magoti sikuwa nachezea maneno. Niliomba kama mtu anayetegemea kupewa.

Mei 8
Mvua.

Mei 9
Mvua. Hajala.

Mei 15
Nilimweleza Msusi. Alikuwa anamsuka mteja, akamwomba amsubiri, tukatoka nyuma ya kibanda. Nilimwambia nimeomba awe wangu. Alinitazama kama mtu aliyepewa kitu kizito bila kujua akiweke wapi.

"Kwa ajili yangu?"

"Nilitaka iwe hivyo. Kwa kiasi fulani."

"Na kiasi kingine?"

"Nilitaka kaburi."

Akaegemea mabati. "Mama," akasema, na hajawahi kuniita hivyo, "hata mimi nimeshalitaka. Juzi. Sikuthubutu kulisema, nikaomba pipi pamoja na mtoto."

Mei 21
Bado.

Mei 26
Tuliitwa asubuhi. Mume wangu alitoka karakanani akiwa amenyoa na kuvaa koti lake la ibada, tukatembea barabarani yeye mbele mimi nyuma. Msusi alikuwa ameshafika, mtoto kamwacha kwa jirani. Daktari alikuwa yule yule. Safari hii hakutukalisha. Alisema tukiwa tumesimama, nadhani kwa sababu naye alitaka limtoke.

Ni Kitinda.

Msusi alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa binadamu, furaha na kilio vimefungwa pamoja, akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, akanitazama juu ya vidole, macho yakiniomba radhi.

Mume wangu aligeuka polepole. Akaniambia mbele ya daktari, mbele ya afisa, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Umesikiwa."

Kisha akatoka nje kwenye mvua.

Mei 28
Tumemzika. Udongo ulikuwa tope, kila mara kuta za kaburi zilibomoka na wachimbaji wakashuka tena. Mume wangu alisimama upande wa pili wa shimo. Sanduku alilitengeneza yeye mwenyewe, usiku na mchana, na hakuna mtu atakayesema halikuwa zuri. Viungio vyake havikuonekana.

Mchungaji aliomba kwa maneno machache. Hakuomba kitu chochote. Alimtaja tu Kitinda, na kazi yake, na umri wake.

Watu walipoondoka Msusi alibaki. Akaniuliza kama anaweza kusimama pale kidogo aseme dua. Nikadhani ni kwa ajili ya Kitinda. Akasema, "Yake, na ya wangu. Sina mahali pengine pa kusimama." Alinyoosha viganja juu ya tope letu. Nikasogea kando nimpe nafasi.

Alilolililia amelipata. Yule wa jokofuni hakuwa wake. Lakini watu wameanza kumwambia asivae nguo za msiba, kwa nini anaharakisha. Na wengine wanamwambia asisuke kwa furaha, kwa nini haoni haya. Si mke, si mjane.

Juni 1
Mvua inapungua. Shule.

Juni 4
Shule.

Juni 8
Mume wangu amekuja mlangoni saa ya chakula cha mchana. Alisimama kizingitini kama muuza vyombo. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye kope.

"Nimefikiri," akasema. "Kama ile sala yako moja ndiyo iliyofanya, basi zangu zote hazikufanya kitu, na zilikuwa nyingi, na nilizisema kwa machozi. Mungu wa namna hiyo simwelewi. Na kama haikufanya, basi nimekuonea."

Nikauliza, "Ni ipi?"

"Sijajua." Alifuta kope kwa mkono wa shati. "Zote mbili zinaniumiza. Moja inaniacha bila wewe, nyingine inaniacha sijui nilikuwa naongea na nani muda wote ule."

Nilitaka kumwambia kwamba miezi mitatu iliyopita ningefurahi kusikia hivyo, ningejiona nimeshinda. Leo nilimwona mzee amesimama mlangoni kwake mwenyewe, amepoteza mtoto na mahali pa kulalamikia. Niliona bora zile siku alizoomba msumeno.

"Umekuja kusema hayo tu?"

"Na kula," akasema.

Nikampisha apite.

Juni 12
Mto umeshuka. Polisi wametangaza kwamba wapiga mbizi watarudi, na wanaoweza kusaidia kuchokoa kingo wajitokeze. Mume wangu ametwaa nguzo ndefu karakanani, akaichonga ncha. Sikumwuliza.

Juni 14
Tangu asubuhi walikuwa majini, wapiga mbizi katikati, na wanaume wengine kando kando wakichoma tope kwa fito na nguzo, chini ya kiwanda na kuendelea hadi kwenye kona yenye matete. Jua lilikuwa kali kama vile halijawahi kukosekana. Mume wangu alikuwa amezama mpaka kiunoni, umri ule, na mgongo ule. Alichoma nguzo, akaivuta, akasogea kidogo, akachoma tena.

Msusi na mimi tulikaa juu ya ukingo. Kuna wakati watu wa kwenye matete waliita, nguzo imegonga kitu kizito. Msusi alinishika mkono mpaka mifupa ikaniuma. Walivuta kwa kamba muda mrefu. Lilikuwa godoro, limejaa maji na tope, kubwa kama ng'ombe. Walilitupa kando wakarudi kazini.

Msusi hakuniachia mkono. "Mama, niombee."

"Niombe nini? Apatikane?"

Akafikiri. Akipatikana, ni maiti. Asipopatikana, labda kuna gogo, kuna hospitali, kuna mtu asiyejua jina lake. Na labda hakuna, na atakaa kizingitini kumngoja mpaka azeeke. Niliona fikra hizo zote zikipita usoni mwake.

"Sijui," akasema. "Wewe omba tu."

Nilikuwa na sababu zangu zote, nazijua kwa mpangilio, hakuna hata moja iliyokuwa imejibiwa. Yaliyokuwa chini ya maji yale yalikuwa chini ya maji, au hayakuwapo, tangu Machi. Nilifumba macho. Nikasema, "Mungu," nikakwama hapo hapo, kwa kuwa sikuwa na neno la pili ambalo halikuwa baya kwa mtu.

Nilingoja lije. Halikuja. Chini yetu nilisikia nguzo ya mume wangu ikiingia kwenye tope na kutoka.

Msusi akaitikia, "Amina."